Mkono Aliousubiri Kunyanzi

"Nifunike mkono," mama alisema.

Aliniambia vile kama anayeomba apelekewe maji ya kunywa. Nikachukua taulo jeusi, lile alilokuwa akiwatandikia wateja mabegani, nikaufunika mkono wake wa kulia uliolala juu ya paja. Mbele yake, sakafuni, Kunyanzi alikuwa ameketi kando ya sahani ambayo hajaigusa. Aliinua uso wake bapa akalitazama taulo, kisha akanitazama mimi, na pumzi ikimkoroma puani kama sufuria inayokaribia kuchemka.

"Bado," mama akasema. "Vidole vinaonekana."

Nikalivuta taulo hadi vidole vyote vikapotea. Nimefanya mambo mengi magumu maishani, lakini sijui kama kuna lililonishinda nguvu kama kukivuta kile kipande cha kitambaa.

Mama yangu alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa na kioo kikubwa chenye ufa kwenye kona, viti vya wateja, kiti chake mwenyewe cha kuzunguka, na harufu ya mafuta ya nywele iliyoingia mpaka kwenye mito yetu ya kulalia. Wateja walimwita Mama Mistari, kwa sababu mistari aliyoichora kichwani kwa ncha ya kitana ilinyooka kama imepigwa rula. Mimi sikurithi. Nilipokuwa msichana alinijaribu, akautazama ususi wangu kutoka mbele na kutoka nyuma, akasema mkono wangu ni wa kushonea magunia. Basi nikaenda kufanya kazi kwenye karakana ya uchapaji, nikawa nakata kadi za harusi za watu wengine.

Kunyanzi aliletwa na mteja aliyekuwa anahama. Alikuja naye ndani ya kikapu cha sokoni, mbwa mdogo wa rangi ya mchanga, mkia umejikunja, uso mweusi kana kwamba amechungulia ndani ya gunia la makaa na kukaa humo kidogo. Pua haikuwepo. Yaani ilikuwepo, ila imerudi ndani, na juu yake ngozi imejikunja matuta matuta.

"Huyu kagongwa na nini?" niliuliza.

"Ndivyo alivyoumbwa," mteja akasema, na machozi tayari yanamlengalenga. "Ni kwa muda tu, Mama Mistari. Nikipata mahali nitamfuata."

"Mimi na mbwa wapi na wapi?" mama alisema. Lakini tayari alikuwa ameshachuchumaa, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinayapitia yale matuta ya usoni taratibu, kama anayetafuta pa kuanzia kusuka. Mteja aliondoka. Muda ule haukuisha.

Daktari wa mifugo, mwanamke mnene aliyezoea ng'ombe na asiyependa maneno mengi, alimweka Kunyanzi mezani akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Pumzi ya huyu ni ya kuazima," alituambia. "Msimkimbize juani. Msimfunge kamba shingoni, mtafutieni mkanda wa kifuani. Akinenepa, mmemuua. Na haya makunyanzi ya uso yasafisheni kila siku, kisha myakaushe. Uchafu ukilala humo, unaoza."

Ndipo alipopata jina. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, mama alimpakata, akachovya pamba kwenye maji ya vuguvugu, akaanza chini ya macho, akaingia kwenye mkunjo mmoja, akatoka, akaingia mwingine. Halafu anarudia kwa pamba kavu. Alitumia vidole vilevile na subira ileile aliyokuwa nayo kwa watoto wenye vichwa vyenye maumivu. Jua lilipopanda alilowesha taulo, akalitandika chini ya kiti chake, na Kunyanzi akalala juu yake kutwa nzima akikoroma huku wateja wakicheka.

Kisha likaja suala la adabu.

Wateja walikuja na watoto, na watoto walikuja na biskuti, peremende na vipande vya mkate. Siku moja Kunyanzi alimeza kitu kikamkwama, macho yakamtoka zaidi ya yalivyotoka, na mama akamning'iniza na kumpiga mgongoni mpaka kikaruka. Tangu siku hiyo akasema mbwa huyu atafundishwa, samaki mkunje angali mbichi. Alimfundisha kukaa. Alimfundisha kungoja mbele ya sahani, mate yakimdondoka, asiiguse mpaka mama anyooshe mkono wa kulia, kiganja chini, na kuushusha polepole kama anayelainisha shuka. Mkono ukifika chini, ndipo anakula.

Na mkono wa kushoto alimfundisha kuukataa. Aliweka kipande cha nyama kwenye kiganja cha kushoto, akamsogezea. Kunyanzi akija, mkono unafumba. Kunyanzi akigeuza uso, anasifiwa na kupewa kwa kulia. Haukupita muda, ukimpa kwa kushoto hata nyama ya mfupa, aligeuza uso wake pembeni kama bibi harusi.

"Mama, huyu ni mbwa," nilimwambia. "Anajuaje kushoto na kulia?"

"Wewe ulijuaje?" alinijibu. "Kushoto hakutoi wala hakupokei. Nilikufundisha hivihivi."

Ni kweli. Tofauti ni kwamba mimi sikupewa nyama.

Kiharusi kilimjia mchana, akiwa amesimama nyuma ya mteja. Yule mteja ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema hakusikia kitu wala hakuona mtu anayeanguka. Alichoona, kwenye kioo, ni mstari. Ulianza vizuri kutoka kwenye paji, ukafika katikati ya kichwa, ukapinda. Akasema moyoni, Mama Mistari leo kulikoni? Kisha kitana kikaanguka. Kunyanzi, ambaye kubweka kulimchosha na kwa hiyo alibweka kwa nadra, alitoka chini ya kiti akabweka mpaka majirani wakaja.

Mama alirudi kutoka hospitali mdomo umeegemea upande mmoja na mguu wa kulia unaburuta. Maneno yalikuwa mazito ila yalikuwa yake, na utani wake ulikuwa umebaki mzima. Mkono wa kulia ndio uliokuwa umekaa kimya. Tulimketisha kwenye sofa, nao ukaning'inia ukingoni kama mkono wa koti.

Kunyanzi alimzunguka, akalia, akapiga chafya, akajigonga miguuni pake. Alipotulia akauendea ule mkono ulioning'inia, akaanza kuulamba, kidole kwa kidole. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kunyanzi hakuwahi kuisikia methali hiyo.

"Ananilamba?" mama aliniuliza. Alikuwa anatazama mbele.

"Ndiyo, mama."

"Sisikii."

Nilikwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Alipokuwa hospitali mimi ndiye niliyemlisha Kunyanzi, kwa mkono wangu wa kulia, na alikula bila makuu. Lakini mama aliporudi, ishara yangu ilikwisha kazi. Nilishusha mkono mbele ya sahani, yeye akaupita kwa macho na kumtazama mama. Mwalimu amerudi darasani, mimi kaimu sina changu. Mama akajiinua kidogo, akanyoosha mkono uliokuwa hai, wa kushoto, akaushusha kama anayelainisha shuka.

Kunyanzi akageuza uso.

Akajaribu tena. Akageuza uso tena, na safari hii akaketi vizuri zaidi, kifua mbele, kama mwanafunzi anayejua kuwa anapimwa na hatadanganyika.

"Mwanangu," mama akasema, "mwanafunzi wangu kafaulu." Akacheka. Mdomo wake ulicheka upande mmoja, na kabla sijajiunga naye kicheko kile kilikuwa kimeshakuwa kitu kingine.

Alipotulia, akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Kwa mkono wa kushoto aliushika ule wa kulia kwenye kifundo, akaunyanyua kama mtu anayenyanyua kifurushi cha mwenzake, akaunyoosha mbele, akaushusha. Mara ulipogusa sakafu, Kunyanzi alikuwa na uso wake wote ndani ya sahani.

"Umeona?" mama alisema. Macho yake yaling'aa. "Yeye hajali umefikaje."

Kuanzia siku hiyo matumaini yalihamia nyumbani kwetu. Hospitali, mama alikuwa akimkwepa dada wa mazoezi aliyekuja kumnyoosha viungo, mara amelala, mara kichwa kinamuuma. Sasa dada huyo alipokuja nyumbani, mama alimngoja mlangoni. Aliubonyeza mpira laini, au tuseme aliutazama mpira ukikaa kiganjani pake na kuuamuru mkono uubonyeze. Alitembea akishika ukuta kwa mguu wake mzito, Kunyanzi akimfuata nyuma, wote wawili wakihema. Dada wa mazoezi aliwaita wanandoa.

Chumba cha mbele kilikuwa mikononi mwa Mrefu, msusi aliyefundishwa na mama miaka mingi nyuma na ambaye sasa alikuja kutushikia wateja. Mrefu alisuka akiwa amesimama siku nzima, na kwa urefu wake mgongo ulimsumbua, lakini kile kiti cha kuzunguka hakukigusa. Mama alikuwa amesema kiti hicho kina mwenyewe. Kila jioni alimwita aulize nani alikuja na alisukwa nini, kisha anasema, "Nikirudi nitamrekebisha pale nyuma," nasi tunaitikia. Na mimi niliamini. Nilikuwa nikiwahi kutoka karakana nikitarajia kuambiwa kwamba kidole kimetikisika.

Hakikutikisika hata kimoja. Kilichokuja ni maumivu ya bega. Mama aliyaficha kadiri alivyoweza, ila usiku hakulala upande ule, na alipovaa gauni alikuwa anauma midomo. Dada wa mazoezi alimvua blauzi, akalibonyeza bega.

"Nani anauvuta huu mkono?" aliuliza.

Nikamweleza habari za Kunyanzi na sahani. Asubuhi na jioni, kila siku, tangu siku aliyorudi.

Yule dada hakukasirika. Alivuta kigoda akaketi karibu. "Mama, misuli ya kulishika bega hili imelegea. Ukiunyanyua mkono hivyo, mfupa unatoka mahali pake kidogo kidogo. Usiuvute tena."

"Sasa mbwa atakulaje?"

"Mpe kwa mkono huu mwingine."

"Hapokei kwa huo."

"Basi mfundishe."

Mama alimtazama. Chumba cha mbele, Mrefu alikuwa anacheka na mteja, na mashine ya kukaushia nywele inavuma. Kunyanzi alikuwa amelala juu ya mguu wa mama ule usiosikia, na kukoroma kwake kulijaza chumba.

"Binti yangu," mama akasema, "mimi nimefundisha watu kazi ya mikono. Najua anayeweza na asiyeweza, hata kama simwambii. Niambie na wewe. Huu utasuka?"

Dada wa mazoezi aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kutembea utatembea vizuri zaidi ya hivi. Kuoga, kula, kuvaa, utafanya mwenyewe. Kusuka, mama, sidhani."

"Ahsante," mama alisema. Akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, akamkumbusha achukue mwavuli wake.

Nilimwambia mimi nitamfundisha Kunyanzi. Nilidhani namsaidia. Ningefanyia jikoni, mlango umefungwa, yeye asione. Akatikisa kichwa. Alisema yeye ndiye aliyemwambia mbwa huyu kwamba kushoto ni uongo, kwa hiyo ni yeye atakayemwambia kwamba alikosea. Mbwa hatakiwi kusikia jambo kama hilo kwa mtu baki.

Ndipo, siku ya mapumziko, chumba cha mbele kimefungwa na Mrefu yuko kwao, akaniambia nimfunike mkono.

Nilipokwisha, Kunyanzi alisimama. Akaja taratibu, akaingiza uso wake chini ya ukingo wa taulo, akabaki hivyo, mkia wake uliojikunja ukitingishika nje. Alikuwa ameupata. Tulisikia akiulamba.

"Hapana," mama alisema. "Toka huko. Kaa."

Akatoka. Akakaa. Mama akaweka kipande cha nyama kwenye kiganja cha kushoto, akakisogeza. Kunyanzi akageuza uso.

"Wewe mbwa!" nilisema.

"Usimkaripie," mama akanikata. "Anafanya nilichomwambia."

Akasogeza tena. Uso ukageuka tena. Udenda ulikuwa unamchuruzika, tumbo linanguruma tukilisikia, na bado aligeuka pembeni, akalitazama taulo, akangoja. Mama hakupandisha sauti. Alirudisha mkono, akatulia, akausogeza upya, kwa subira niliyokuwa nikiiona tangu utotoni mteja anapokuja na nywele zilizofungana. Jua lilihama kutoka kwenye kioo likafika ukutani. Kunyanzi hakula siku ile. Mama naye alisukuma sahani yake, akasema hana hamu.

"Mama, mtaumwa wote wawili."

"Mkono mmoja haulei mwana," alisema, akiangalia dirishani. "Waliosema walijua."

Asubuhi yake tukamwambia Mrefu asije, tukarudi palepale. Mimi nikaaga kazini kwa sababu ya uongo, nikalitandika taulo. Kunyanzi alikuwa mnyonge, anahema kwa mdomo, na niliogopa pumzi yake ile ya kuazima isije ikadaiwa. Nilitaka kusema yaishe. Nilitaka kunyoosha mkono wangu wa kulia, anile mimi vidole ikibidi. Mama akasogeza kiganja cha kushoto. Kunyanzi akageuza uso, akalitazama taulo kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mama usoni. Sijui aliona nini. Alirudi polepole, akanyoosha shingo ile fupi, akakichukua kipande cha nyama kwa ncha ya midomo. Hakukitafuna. Alikaa nacho mdomoni, masikio yamelala, anasubiri kuadhibiwa.

"Vizuri," mama alisema. Sauti ilimkatika, akaitafuta. "Vizuri sana, baba. Ndivyo. Kula."

Akala. Halafu akaanza kukilamba kile kiganja, na mama akakiacha kilambwe, machozi yanamshuka mashavuni bila kujifuta, kwa sababu mkono wa kujifutia ndio uliokuwa unalambwa. Nikachukua pamba iliyokuwa mezani, ile ya Kunyanzi, nikachovya kwenye maji ya vuguvugu. Nikaanza chini ya macho. Nikashuka kwenye mkunjo wa mdomo, upande uliolegea, nikarudia kwa pamba kavu. Aliniachia uso wake.

"Mkono wako si mbaya," aliniambia nilipomaliza. Kisha akasema, "Kesho mwambie Mrefu akikalie kile kiti. Mgongo utamuua bure."

Na akaweka sheria. Kuanzia siku hiyo kila mtu nyumbani atampa Kunyanzi kwa kushoto, mimi, Mrefu, mgeni, yeyote. "Mkimchanganya mtamtesa. Mwachieni mkono mmoja tu wa kuuamini." Sisi tukatii. Mkono wa kushoto wa mama ukajifunza polepole, kwa hasira na matusi madogo madogo, kushika kijiko, kufunga vifungo, kuchovya pamba na kuipitisha kwenye makunyanzi bila kugusa jicho. Kusuka haukujifunza, na mama hakuujaribu. Taulo jeusi alilizoea. Akiketi tu analivuta mwenyewe, anajifunika, hata wakati wa joto. Miaka ile aliyoishi baada ya hapo sikumwona tena akiunyanyua ule mkono, na Kunyanzi alipozeeka, uso wake mweusi ukaingia mvi, hakuutafuta tena.

Kiharusi cha pili hakikutaka mazungumzo. Mama alitutoka asubuhi, chai yake haijapoa.

Jioni tuliporudi kutoka makaburini, nyumba ilikuwa imejaa. Mrefu alikuwa amekigeuza kile kiti kitazame ukuta, na hakuna aliyekikalia. Niliingia jikoni peke yangu kwa sababu nilikumbuka kwamba Kunyanzi hajala kutwa. Nikaweka sahani chini. Alikuja akivuta miguu, akaketi mbele yake, akangoja.

Nilijua sheria. Lakini siku ile nilitaka kujua kama kuna mwingine ndani ya nyumba hii anayeukumbuka mkono ule jinsi ulivyokuwa, ulipokuwa unapiga mistari na watu wanatoka mbali kuufuata. Nikachuchumaa. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia, kiganja chini, nikaushusha polepole kama anayelainisha shuka.

Kunyanzi aliutazama mkono wangu. Akanitazama mimi. Kisha, kwa adabu, akageuza uso pembeni.

Nililia nikiwa nimechuchumaa vilevile, na sebuleni watu wakashusha sauti. Mama alikuwa amemfundisha vizuri mno. Nilipoweza, nilibadilisha mkono. Nikatoa wa kushoto, naye akala, akikoroma na kupiga chafya, mpaka sahani ikawa safi.

Halafu nikampakata, nikachovya pamba kwenye maji ya vuguvugu, nikaanza chini ya macho.